Masomo ya Amani Yasiipite Kiunga

Kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi kuna chuo kiitwacho Hekima. Chuo hiki kilifunguliwa mwaka 1984 na mapadri wa Shirika la Yesu, ambao wengi wetu twawafahamu kwa jina la Wajesuiti, ili watawa vijana wa bara hili wasomee teolojia papa hapa Afrika. Mwaka 2004 wenye chuo walipiga hatua nyingine muhimu, wakaanzisha taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa, ambayo hata walei wasio na nia yoyote ya kuingia utawani huweza kujiunga nayo na kupata shahada ya uzamili.

Mbali na Nairobi, kaskazini kabisa mwa kaunti ya Lamu, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Somalia, kuna Kiunga, mji mdogo wa wavuvi Wabajuni. Neno amani huko si jina la shahada. Ni kitu ambacho mzazi humwomba Mungu kila alfajiri kabla mtoto hajaondoka kwenda shule na kabla baba hajasukuma mashua yake majini. Leo tungependa kuwauliza wasomaji wetu, hasa walimu na wanafunzi, kama mahali pawili hapa, pale amani inakosomwa na pale inakotafutwa, pana haja ya kujuana. Sisi tunaamini kwamba haja hiyo ipo, na kwamba kila mwaka unaopita bila kutimizwa ni hasara kwa pande zote mbili.

Huenda msomaji akashangaa na kuuliza, chuo cha mapadri kina uhusiano gani na mji wa Waislamu ulioko mwisho wa nchi? Historia inatujibu kwamba uhusiano huo ni wa kale. Mwaka 1542, Francis Xavier, mmoja wa Wajesuiti wa kwanza kabisa, alitua Malindi akiwa safarini kwenda Goa. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huo, alisimulia jinsi alivyozungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini humo, aliyesikitika kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa na watu, akataka kujua kama Wakristo nao wamepungukiwa na ibada namna hiyo. Wawili hao hawakuafikiana, na kila mmoja alibaki na yake. Hata hivyo walikaa wakaulizana, na ni jambo la kufurahisha kwamba habari za Mjesuiti huyo katika pwani yetu zina ndani yake swali la Mwislamu wa Malindi.

Mwingine alifika karibu zaidi na Kiunga. Mwaka 1624, Mjesuiti Mreno aitwaye Jerónimo Lobo alitua Pate na kufuata mwambao kuelekea kaskazini, upande wa mto Juba, akitafuta njia ya kuingia Uhabeshi. Mwambao huo ndio ambao Kiunga ipo. Padri huyo alipoelezwa habari za vita na hatari zilizokuwa barani, aliiacha safari hiyo, na mwaka uliofuata akaingia Uhabeshi kwa njia ya bahari ya Shamu. Masimulizi ya safari zake yalienea Ulaya, na mwaka 1735 Samuel Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa kamusi ya Kiingereza, aliyatafsiri kutoka Kifaransa. Kitabu hicho kikawa cha kwanza kutoka mikononi mwake.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja. Kwa Lobo, nchi ya Watikuu ilikuwa njia. Aliuliza kuhusu mito, makabila na hatari, akaondoka na maarifa yake, na maarifa hayo yakawafaa wasomaji wa Lisbon, Paris na London. Miaka 400 imepita tangu wakati huo, na yaonekana kwamba wengi wanaofika Kiunga wangali wanaitumia kama njia. Mwezi Oktoba mwaka 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, na eneo hili la mpakani likawa la kijeshi zaidi kuliko lilivyopata kuwa. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara za kuelekea Sudan Kusini na Uhabeshi, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Watafiti nao huja, wa kasa, wa mikoko, wa matumbawe na wa ugaidi. Kila mmoja wao ana lake la kuuliza na kila mmoja huondoka na daftari lililojaa. Ni nadra sana kuona daftari hilo likirudi Kiunga, na ni nadra zaidi kumwona mtoto wa Kiunga akiwa ndiye mwenye daftari.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya vyuo vya Wajesuiti. Shirika hili lilikubaliwa na Papa mwaka 1540, na halikukawia kutambua kwamba kazi yake kubwa itakuwa ualimu. Mwaka 1548 lilifungua chuo huko Messina, katika kisiwa cha Sisilia. Mwaka 1599, baada ya kujaribu na kusahihisha kwa muda mrefu, lilitoa mwongozo mmoja wa masomo kwa vyuo vyake vyote. Mwalimu alitakiwa akisome kifungu pamoja na wanafunzi na kukifafanua. Wanafunzi wakirudie wao kwa wao. Waandike kwa mikono yao wenyewe. Kisha wakutane katika mdahalo wa hadhara, mmoja akiitetea hoja na mwingine akiipinga. Desturi ya midahalo ya zama hizo ilikuwa kwamba anayetetea huirudia kwanza hoja ya mpinzani wake jinsi ilivyotolewa, ndipo aijibu. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mdahalo shuleni anajua jinsi sharti hilo lilivyo gumu, na jinsi ghasia nyingi za darasani, na hata za bungeni, zingeepukika kama lingefuatwa.

Aidha, malezi ya Mjesuiti mwenyewe ni ya pole pole. Kwa kawaida humchukua muongo mmoja au zaidi tangu kuingia unovisi hadi kupewa upadri, na katikati ya masomo yake husimamishwa kusoma akatumwa kazini, mara nyingi kufundisha shuleni, kwa muda wa miaka miwili hivi. Maana yake ni kwamba elimu yake hukatizwa makusudi ili akaonane na watu ambao elimu hiyo inadaiwa kuwa ni kwa ajili yao. Leo, ambapo wanafunzi wetu wengi huikimbilia shahada kama abiria anayelikimbilia basi la mwisho, utaratibu huo unafaa kutafakariwa hata na vyuo visivyo vya dini yoyote.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba mambo haya ni mageni kwa Lamu. Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, umekuwa chuo kwa muda wa zaidi ya karne moja, na wanafunzi wameufuata kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Huko nako mwanafunzi hukaa mbele ya mwalimu, hukisoma kitabu kifungu kwa kifungu, hukirudia na kukihifadhi, na haruki kwenda kitabu cha pili kabla ya kuruhusiwa. Habib Swaleh anakumbukwa pia kwa jambo jingine. Aliwafundisha watu wa chini na wenye asili ya utumwa, ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakuona kuwa wanastahili elimu hiyo. Kwa hiyo kijana wa Kiunga aendapo chuoni, popote pale, haendi kama mtu anayetoka gizani. Anatoka katika mila ya usomi, na mila hiyo ina haki ya kukaa meza moja na mila ya Messina na Roma.

Kinachomzuia kijana huyo ni mambo mengine, nayo ni mazito. Barabara ya kutoka Kiunga inayopita karibu na msitu wa Boni imepoteza roho za askari na raia kwa mabomu yaliyotegwa ardhini. Njia ya bahari ni ndefu, na msimu wa kusi huwa ya hatari. Kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2011 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama, na katika nyumba inayokula na kulipa karo kwa samaki, marufuku ya namna hiyo huingia mpaka ndani ya mkoba wa mtoto wa shule. Katika wodi jirani ya Basuba, shule za vijiji vya Waboni zilifungwa kwa muda mrefu kutokana na mashambulizi yaliyoanza mwaka 2014. Mtoto aliyepitia hayo yote hutakiwa apate alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne, sawasawa na mwenzake wa Nairobi, ndipo mlango wa chuo kikuu umfungukie.

Kisha kuna jeraha ambalo halijapona. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wauaji waliwatenga vijana kwa dini zao kabla ya kuwaua. Walijua walifanyalo, kwani bweni la chuo kikuu ni mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo Mkamba, Msomali, Mbajuni na Mluo hulala chumba kimoja wakaazimana vitabu. Papa Fransisko, ambaye naye alikuwa Mjesuiti, alipokutana na viongozi wa dini mbalimbali jijini Nairobi mwezi Novemba mwaka huohuo, aliitaja Garissa pamoja na Westgate na Mandera. Mwaka 2019 alitia saini huko Abu Dhabi, pamoja na Sheikh mkuu wa al-Azhar, hati ya udugu wa wanadamu wote. Hati ni jambo jema. Lakini jibu lililo sawa na tendo la Garissa ni kuwakalisha tena vijana hao kwenye benchi moja, na kwa hiari yao.

Je, chuo cha Kikatoliki chaweza kumpokea Mwislamu bila kumnyang'anya dini yake? Swali hili si la kipuuzi, wala mzazi wa Kiunga anayeliuliza asionwe kuwa mshamba. Katika enzi ya ukoloni elimu ya kisasa pwani ilishikana mno na kanisa, na wazee waliokataa kuwapeleka watoto wao shule za misheni walikuwa na sababu zao. Tunachoweza kufanya ni kutazama mifano. Mjini Beirut, Wajesuiti walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu mwaka 1875, na Waislamu wa Lebanoni wamesoma humo pamoja na Wakristo. Tangu mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ndicho chuo kikongwe cha Wajesuiti nchini Marekani, kina tawi lake mjini Doha, katika dola ya Kiislamu ya Qatar, na hufundisha humo siasa na uhusiano wa kimataifa. Ikiwa mfalme wa nchi ya Ghuba hakuogopa kuwakabidhi Wajesuiti vijana wake, mzazi wa Kiunga naye anaweza kulifikiria jambo hilo bila hofu, mradi apewe ahadi ya wazi kwamba sala, chakula na mavazi ya mwanawe vitaheshimiwa.

Kizuizi cha pili ni fedha. Vyuo hivi ni vya kibinafsi, na chuo cha kibinafsi huishi kwa karo na kwa wafadhili. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi inaowagharimia katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Utaratibu mpya wa ugharimiaji uliotangazwa mwaka 2023 ukausitisha mpango huo. Kwa mtoto wa mvuvi, mabadiliko hayo yana maana moja tu, yaani chuo cha kibinafsi kimesogea mbali zaidi. Lakini Wajesuiti wenyewe wameonyesha kwamba umaskini si lazima uwe kufuli. Huko Kibera, Nairobi, wanaendesha shule ya sekondari ya Mtakatifu Aloysius Gonzaga, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi kwa ugonjwa wa ukimwi. Wanafunzi wake wamalizapo kidato cha nne huitumikia kwanza jamii kwa miezi kadhaa, ndipo wasaidiwe kuendelea na masomo ya juu. Msaada na wajibu vimefungwa pamoja katika fundo moja, na mwanafunzi hafanywi ombaomba.

Kutokana na hayo, tunayo mapendekezo manne, na kama kuna lililokwisha kuanza kutekelezwa, basi na lizidishwe.

Kwanza, kwa kuwa masomo ya amani ya Hekima ni ya uzamili, chuo kitenge nafasi chache za ufadhili kwa wahitimu waliozaliwa katika vijiji vya mpakani, kutoka Kiunga na Ishakani hadi Basuba, ambao wamekwisha kupata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi au kwingineko. Hatuombi mamia. Wawili kila mwaka, kwa miaka kumi, ni wasomi ishirini wanaoijua bahari ile, lugha ile na huzuni ile.

Pili, mwanafunzi atakayefadhiliwa hivyo afungwe na ahadi ya kurudi na kufundisha au kutumikia kwao kwa muda utakaokubaliwa. Wajesuiti hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana wao wenyewe wamelelewa hivyo.

Tatu, utafiti wowote wa chuo hicho unaohusu eneo la mpakani uandikiwe muhtasari wa Kiswahili fasaha, na muhtasari huo urudishwe kusomwa mbele ya watu walioulizwa maswali. Msomi anayejua kwamba maneno yake yatasomwa barazani Kiunga, mbele ya wazee wanaoijua habari yenyewe, ataandika kwa uangalifu zaidi kuliko yule anayemwandikia mtahini wake peke yake. Kwa njia hii wazee wa Kiunga watakuwa sehemu ya maisha ya kitaaluma ya chuo, na mdahalo wa zamani wa Wajesuiti utakuwa umepata wapinzani wanaostahili.

Nne, serikali ya kaunti ya Lamu na ile ya kitaifa zisilitwike shirika la dini mzigo ambao ni wao. Basari itolewe mapema, mkopo wa elimu ya juu umfikie kijana hata kama chuo chake ni cha kibinafsi, na usalama wa njia ya kwenda shule uhesabiwe kuwa ni sehemu ya elimu. Haifai kumlaumu mtoto kwa alama ndogo wakati mwalimu wake amehamishwa na darasa lake limefungwa.

Kwenu walimu wa Lamu Mashariki, tunawaomba msingoje chuo kiwajie. Anzisheni midahalo shuleni kwa sharti lile la kuirudia hoja ya mpinzani kabla ya kuijibu. Haihitaji jengo wala ruzuku. Waelezeni wanafunzi wenu tangu kidato cha pili kwamba zipo shahada za amani, za uhusiano wa mataifa na za historia, na kwamba mtu aliyekulia mpakani huanza masomo hayo akiwa tayari ameyaishi mengi. Vyuo vya Wajesuiti barani navyo vinazidi kukua. Chuo cha Arrupe mjini Harare, kilichoanza mwaka 1994, kilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Loyola huko Kinshasa kiliundwa mwaka 2016. Milango inaongezeka, na mwanafunzi wa Lamu anapaswa kujua ilipo.

Nanyi wanafunzi mnaosoma Hekima na vyuo vingine vya Nairobi, mnaoandika tasnifu juu ya itikadi kali na mizozo ya mipaka, jiulizeni kama mmewahi kuketi na kijana mmoja wa Kibajuni na kumsikiliza mpaka mwisho. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Amani inayosomwa na watu ambao hawajapata kuikosa, huku walioikosa wakibaki kuwa mifano tu ya vitabuni, ni elimu pungufu, hata kama mtihani wake ni mgumu kiasi gani.

Jerónimo Lobo alilaziwa na vita akageuza safari yake, na hatuwezi kumlaumu, kwani alikuwa mgeni na alikuwa na haraka ya kufika kwingine. Warithi wake walioko Nairobi si wageni tena, wala hawana sababu ya haraka hiyo. Wana chuo, wana maktaba, wana walimu, na wana somo ambalo jina lake ni amani. Waanze na nafasi mbili za mwaka ujao wa masomo, na kaunti ya Lamu iwatafutie vijana wawili wa kuzijaza.